Gari la Kushoto

Mume wangu aligonga gari tena, akapiga usukani kwa kiganja na kuutukana mchezo. Usukani wenyewe ni wa plastiki, umefungwa ukingoni mwa meza ya sebuleni, na gari aliloligonga lilikuwa ndani ya televisheni, kwa hiyo sikuinua hata kichwa kwenye cherehani yangu.

"Limetoka hewani!" alisema. "Umeona? Barabara tupu kabisa, mara puu, gari!"

"Sijaona. Nashona."

Amestaafu udereva wa malori, na alipostaafu tu alianza kuzunguka nyumba nzima akikagua kazi zangu kama msimamizi, mpaka nikatamani arudi barabarani. Binti yetu mkubwa ndiye aliyetuokoa. Alimletea mashine ya michezo yenye lori la kuendesha, mizigo ya kupeleka na barabara zisizokwisha. Tangu hapo, akishakula chakula cha mchana anakaa mbele ya televisheni, karibu mno, anatia gia, anapiga honi, anawasalimia madereva wasiokuwepo. Wenzake wa zamani walimpa jina la Honi, na hawakukosea. Nampenda akiwa pale. Uso unalegea, anapiga mluzi, nami napata kushona kwa amani.

Lakini siku hizo mluzi ulikuwa umekatika, maana karibu kila njia panda aligonga.

"Bibie, wewe una subira," akaniambia. "Hebu nitafutie mtandaoni jinsi ya kuutengeneza mchezo huu. Ni mbovu."

Nikachukua simu yangu, nikatafuta. Watu wa mtandaoni wana maneno! Wa kwanza aliniahidi siri ya ushindi nikimtumia hela kwanza, nikampita. Wa pili alipiga kelele muda wote bila kuonyesha hata tairi la lori. Nikaenda kwenye ukurasa wa waliotengeneza mchezo, ambako wenyewe wameorodhesha kasoro zake na tarehe ya kila moja. Magari yanayotoka hewani hayakuwemo. Kisha nikampata mchezaji mmoja mpole aliyerekodi safari yake yote, pamoja na makosa yake, akipita barabara zilezile. Kwenye kila njia panda, magari ya kushoto yalionekana mapema. Aliyasubiri, yakapita, akaenda zake.

Nikaacha kushona, nikaenda kusimama nyuma ya mume wangu. Akaikaribia njia panda. Gari jekundu lilikuwa linakuja kutoka kushoto, waziwazi kabisa. Hakupunguza mwendo.

"Simamisha mchezo," nikasema. Akasimamisha. "Kuna nini pale kushoto?"

"Barabara."

"Na nini tena?"

"Nini tena nini? Barabara tupu, mama!"

Nikaweka kidole juu ya gari lenyewe. Akageuza kichwa kufuata mkono wangu, ndipo akaliona. Mimi nikakaa, nikajua si mchezo uliokuwa mbovu.

Maana tulikuwa tunajua kwamba ana presha ya macho. Kliniki ilimpa dawa ya matone, akawa anaitia vizuri, mpaka kundi la simu la madereva wastaafu lilipomletea video. Mtu wa koti jeupe, sauti tamu, anasema matone ya hospitali yanaua macho. Dawa ni maji ya kitunguu na asali, na kwa bahati njema yeye anayo kwenye chupa. Nilipopinga, Honi alinikata jicho. "Sisi hatudanganyani," alisema. Na ni kweli. Miaka yote ya kazi, mwenzake akimwambia daraja la mbele limekatika, aligeuza lori bila kuuliza. Neno la dereva lilimrudisha nyumbani mzima, nami nawashukuru hadi leo. Basi matone yakabaki kabatini, naye akawa anatia kitunguu na kububujikwa na machozi kama aliyefiwa, akisema dawa inafanya kazi.

Alasiri ile nilizitafuta habari za macho kwa ukali uleule niliotumia kutafuta za lori. Nani ameandika? Anafanya kazi wapi? Aliandika lini? Ananiuzia nini? Wa koti jeupe hakuwa na jina wala hospitali. Alikuwa na namba ya kutumiwa pesa. Hospitali za macho za nchi mbalimbali, zisizojuana, ziliandika jambo moja: ugonjwa huu hula uwezo wa kuona kimyakimya, mara nyingi kuanzia pembeni. Kilichopotea hakirudi, lakini matone husaidia kulinda kilichobaki. Nikamsomea.

"Kwa hiyo wenzangu waongo?"

"Sijasema hivyo. Aliyekuwa anakwambia daraja limekatika, yeye alikuwa amefika darajani?"

"Lazima! Hujafika, husemi."

"Haya. Kwenye hicho kitunguu kafika nani?"

Alinitazama sana. Kisha akachukua simu yake, akarekodi ujumbe wa sauti: "Jamani, Honi hapa. Ile dawa ya macho. Namtaka aliyeitia kwenye macho yake mwenyewe. Wa kusikia akae pembeni kwanza."

Kundi lile lina salamu, vichekesho na picha za matairi kutwa kucha. Sasa wakaanza kujitokeza mmoja mmoja. "Mimi nilirushiwa tu." "Mimi pia nilirushiwa." "Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua." Mwisho akaja mmoja wanayemwita Kifaru, sauti ya chini.

"Mimi niliitumia, Honi. Niliacha matone. Jicho la kulia sioni tena. Niliona haya kusema."

Mume wangu akaweka simu mezani. Nilidhani atafoka.

"Kesho tunakwenda kliniki," alisema. "Na Kifaru tunampitia. Jicho moja bado analo."

Daktari aliwapima wote wawili, akawapa matone, na hakuzungusha maneno. Kwa Honi, alichopoteza upande wa kushoto hakirudi, na gari la kweli asiendeshe tena. Lakini kilichobaki ni kingi, na akitia dawa bila kukosa, ana kila sababu ya kutumaini kwamba atakaa nacho. Furaha niliyoipata nusura nimkumbatie daktari wa watu. Honi aliitikia kwa kichwa.

Jioni alitia matone mwenyewe, akaketi mbele ya televisheni bila kuiwasha. Roho iliniuma. Nikadhani na mchezo nao ameuaga. Kisha akainuka, akaburuta kiti kutoka kwenye meza ya chakula, akakiweka ubavuni pake, upande wa kushoto.

"Bibie, acha cherehani. Njoo ukae hapa."

"Nifanye nini hapo?"

"Uwe utingo wangu. Kikitokea kitu, sema."

Nikakaa. Akawasha lori, akaanza kupiga mluzi. Kwenye njia panda ya kwanza nilipayuka, "Tangi la mafuta!" naye akakanyaga breki. Tangi likapita mbele yetu, refu, taratibu. Mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwuliza mtu yeyote njia, alibaki ameshika usukani wake wa plastiki kwa mikono miwili.

"Nipite?" akaniuliza.

Nikaangalia kushoto vizuri.

"Pita."