Mwanasesere wa Mama Mkwe

Mtunza stoo wa duka la vitu vya watoto hakujiona mwizi. Kila boksi alilipia kwa hela yake, na risiti anayo. Alichofanya ni kuwahi tu. Walipoingia wale wanasesere wanaocheka ukiwatekenya, ambao sikukuu hii kila mtoto aliwalilia, thelathini kwa hesabu, ishirini aliwabandika karatasi ya "imeagizwa" kabla mlango haujafunguliwa. Kisha akawa anawauza kwa simu, bei mara tatu, kwa jina la Mfariji wa Wazazi. Mfariji gani huyo, sijui.

Asubuhi ile mama mkwe wake naye alikuwa kwenye foleni. Ndiye aliyemtetea wakati ukoo mzima wa mke ulipomwona si lolote si chochote. Alisema kijana huyu ni mkweli, na maneno yakaishia hapo. Sasa alikuja kumnunulia mjukuu. Mtunza stoo alimpa shikamoo yake, akamwambia wamekwisha. Mama akampa pole ya kazi, akaenda zake.

Jioni Mfariji akapokea ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Sauti haikuwa ngeni. Mama alikuwa ameazima simu ya jirani yake, msusi.

"Mwanangu, nipunguzie kidogo. Ni wa mjukuu wangu."

Akausikiliza mara mbili. Kumpa bure asingeshindwa, lakini angesema amemtoa wapi? Hata kumpunguzia aliogopa, mama asije akataka kumjua mtu mwema huyo. Woga ukamzidi nguvu, akaandika kwamba bei ni hiyo hiyo. Akamkabidhi boksi mtu wa pikipiki apeleke kwa msusi, na kwa haraka zake akasahau kumfunga mdomo.

Sikukuu ilipofika, mtoto alimtekenya mwanasesere tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, na kila kicheko kilimchoma baba mtu. Mama alikula vizuri, akasifu mboga, akamwita mwanangu kama siku zote. Hata yule muuzaji wa kwenye simu, mama hakumlaumu kwa neno moja. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Walipobaki wawili jikoni wakikausha vyombo, uvumilivu ukamwisha. Akatoa bahasha.

"Mama, aliyekuuzia ni mimi."

Mama aliendelea kufuta sahani. "Najua. Mtu wa pikipiki aliniambia katumwa na mtunza stoo. Siku ya tisa leo nakungoja useme."

Akamsogezea bahasha. Ilikuwa na hela yote, hata ya pikipiki. Mama akairudisha kwa kidole kimoja.

"Hela weka, baba. Mkeo aliniuliza mwanasesere nimempata wapi, nikamdanganya kwa ajili yako. Tangu nimzae sijawahi kumdanganya. Hilo utanirudishiaje?"

Mtunza stoo akachukua sahani nyingine, akaikausha. Sebuleni mkewe alikuwa anacheka na mtoto, anawaita waje waone.