Seli za Baba Mkwe

Kisa aliianza hotuba yake tangu Dar es Salaam. Njia nzima hadi Kyela aliipanga, akaipangua, akaipanga upya, maana aliyekuwa anakwenda kumwomba damu ni baba yake mzazi, na mzee Angetile si mtu wa kuombwa kitu akakitoa siku hiyo hiyo. Hata kakao yake haiuzi mpaka mnunuzi achoke kuja.

Walipokaa sebuleni pale Mbugani, Kisa akaanzia mbali, kama watafiti wanavyopenda. Akaeleza kwamba kila seli ya mwili ina adabu ya kufa. Ikizeeka au ikiharibika, inajivunja yenyewe kimya kimya, jirani zake wanasafisha vipande, maisha yanaendelea. Saratani ni seli iliyokataa kufa. Kazi yake yeye kule maabara ni kutafuta seli za kinga, askari wa mwili, wanaoweza kuikaba ile sugu mpaka ikubali kwenda. Askari wa Tulinagwe, mke wa kaka yake Zebedayo, walikuwa wamechoka. Saratani ya tezi ilikuwa imemrudia baada ya dripu zote, na kirusi kilichoichochea ni kile ambacho karibu sisi sote tunacho tangu utotoni na wala hatukijui. Alihitaji askari wa kuazima, kutoka kwa mtu ambaye mwili wake umekizoea kirusi hicho na ambaye alama za seli zake zinafanana na za mgonjwa, japo kidogo. Pasaka walikuwa wamepima ndugu wote, wa hapa na wa Matema alikozaliwa Tulinagwe. Beatrice, dada wa Tulinagwe, hakufaa. Zebedayo hakufaa.

"Sasa baba, katika wote hao, mmoja tu..."

"Ni mimi," mzee akasema. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati. "Umezunguka mpaka chai imepoa. Mnatoa kwenye mkono upi?"

Kisa akabaki na hotuba yake mdomoni. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa *ukutila*, ile heshima ya Wanyakyusa ya mkamwana kumwogopa baba mkwe: asionane naye uso kwa uso, asikae naye chumba kimoja, asilitamke jina lake. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha. Wachungaji wameshaikemea mara kadhaa, na wake zao wanaendelea nayo. Tangu aolewe, Tulinagwe akimwona mzee kwa mbali alitoka njiani, akajifunika kanga na kugeukia migomba mpaka apite. Kisa alikuwa na hakika kwamba mzee atasema damu yake haiwezi kukaa pale ambapo macho yake hayaruhusiwi kufika. Kumbe wasomi nao hukosea, tena kwa kujiamini.

Alivuka ua kwenda nyumba ya kaka yake akiwa mwepesi moyoni. Zebedayo akamzuia barazani.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Basi usimwambie mke wangu hizo seli ni za nani. Sema ni za mtu wa Dar. Nakuomba, dada."

Taratibu za utafiti hazikumlazimisha kumtaja mtoaji. Kisa akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana, akaingia.

Tulinagwe alikuwa ameegemea mto kitandani, chini ya dirisha. Shingo yake ilikuwa imevimba upande mmoja, na mikono iliyokuwa ikipanda mpunga kuwashinda wanaume ilikuwa imebaki mifupa. Akatabasamu, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"*Ugonile*, wifi."

"*Ndaga*, wifi yangu."

Kisa akamwonyesha video kwenye simu. Zilikuwa seli zilizotolewa kwenye uvimbe wake, zimekuzwa maabara pamoja na seli za kinga kutoka kwenye damu ya vipimo vya Pasaka. Seli ndogo ikaja ikitambaa, ikaigusa kubwa, ikang'ang'ania. Ile kubwa ikaanza kutoa mapovu kama uji unaotaka kuchemka, ikanywea, ikavunjika vipande. Ndogo ikaondoka kutafuta nyingine. Tulinagwe akaomba airudie.

"Hii kubwa ni yangu?"

"Ni ugonjwa wako."

"Na hii ndogo ni ya nani?"

Mlangoni Zebedayo akakohoa. Kisa alimsikia vizuri sana. Uongo ulikuwa tayari, mfupi, wa huruma, na ungeweza kuokoa maisha ya mtu. Lakini huyu alikuwa anamwuliza ni nani atakayeingizwa mwilini mwake, na mwili ulikuwa wa kwake.

"Ni ya baba," akasema.

Tulinagwe akamrudishia simu. "Hapana, wifi."

"Tulinagwe, dawa nyingine hatuna."

"Nimesikia. Nikimwona njiani natoka njia. Leo aingie kwenye mishipa yangu, halafu nitoke niende wapi? Nilale na mwanawe usiku, yeye akiwa ndani yangu? Nimemheshimu tangu siku nilipoingia nyumba hii. Ninyi mna shahada zenu. Mimi nina hiyo tu."

Kisa akaeleza kwamba seli hazina jina, kwamba baada ya muda hupungua zenyewe, kwamba askari si mtu. Alikuwa anasema kweli yote, na kila neno lilimfanya Tulinagwe azidi kujivutia kanga usoni. Zebedayo hakungoja mwisho. "Umemuua kwa ukweli wako," akamwambia dada yake, akapanda pikipiki, akaondoka. Kisa akakaa kwenye kiti, akalia. Alikuwa ameziona seli nyingi zikifa, akazishangilia, na sasa hakujua la kumwambia mtu mmoja aishi.

Kisha nje ya dirisha kikasikika kigoda kikiburutwa. Mzee Angetile alikuwa amekaa, ameupa ukuta mgongo, macho kwenye jamvi la kakao. Kuta za nyumba ile hazijawahi kuficha siri ya mtu.

"Zebedayo," akaita, ingawa pikipiki ya Zebedayo ilikuwa imeshapotelea sokoni zamani. "Nakwambia wewe, simwambii mtu mwingine. Tulia unisikilize."

Ndani, Tulinagwe akajifunika kichwa chote.

"Mama yako alipofariki nilidhani nitamfuata. Sikula. Ukawa unaniletea sahani, unaniambia, baba, onja. Nilijua si wewe uliyepika, wewe hata ugali unaunguza. Tangu siku hiyo mpaka leo nimekula chungu kimoja. Wali wake, ndizi zake, samaki wake wa Matema. Huyo aliyepika sijawahi kumwona uso vizuri, na sijawahi kulala na njaa." Akageuza kakao kwa mkono. "Sasa wasomi wanasema damu hii ni yangu. Yangu kwa lipi? Damu ya mzee inatoka wapi kama si kwenye chakula? Ameipika yeye. Mimi nilikuwa namtunzia. Akichukua kilicho chake, hajanivunjia heshima. Akikiacha kioze ndani yangu na yeye akafa, hapo ndipo atakuwa ameniaibisha."

Kisa alitaka kusema kwamba seli za kinga hazitengenezwi hivyo hasa. Kwa bahati nzuri akafunga mdomo.

Chini ya kanga mabega ya Tulinagwe yalikuwa yanatikisika, na Kisa hakujua kama analia au anapigwa na homa. Akanyoosha mkono amguse paji la uso. Tulinagwe akaushika mkono ule, akauvuta karibu, akanong'ona ili sauti yake isivuke dirisha.

"Wifi, hajala tangu asubuhi. Msimtoe damu akiwa na njaa."