Mkono wa Jemadari

Kwaya nzima ilimwita Jemadari, na jina lilimkaa. Sheria yake ilikuwa moja: mkono wake wa kulia ukipanda, sauti zipande, ukishuka, zishuke, na ole wake atakayekata sauti kabla mkono haujashuka! Waliitii kama askari. Basi bega lilipokakamaa, mkono ukawa hauvuki kifua, kwaya nayo ikaanza kuimba kwa kunong'ona. Wimbo wa shangwe ukawa kama wa kubembeleza mtoto. Jamani, nani angethubutu kumuuliza, na sheria ni yake mwenyewe?

Naye, mbishi wa kuzaliwa, akajikaza kisabuni. Alijaribu mkono wa kushoto, waimbaji wakapotea njia. Mkewe, aliyeimba sauti ya kwanza na siku hizo ndiye aliyemvalisha shati, akachoka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, baba watoto. Kesho hospitali."

"Na wakisema ndiyo basi tena?"

Hapo ndipo palipomuuma. Kwaya ile aliilea tangu ikiwa watu wa kuhesabika. Bila mkono ule angekabidhi kijiti na kukaa kwenye benchi la nyuma kupiga makofi. Alikuwa anaogopa, basi, hata kama hakusema.

Huko hospitali, tabibu wa viungo alikuwa binti wa rika la mwanawe wa kwanza. Alimwekea kiganja mgongoni, akamwambia ainue mkono. Jemadari akainua kwa nguvu zote. Bega likapanda hadi sikioni, kiuno kikapinda.

"Si unaona? Umepanda!"

"Shikamoo nimekupa, baba, lakini hapo umeinua kila kitu isipokuwa mkono."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Binti akasogeza mifupa ya plastiki iliyoning'inia pembeni. "Tazama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara, na hapa kinapokaa ni padogo, kama chungwa juu ya kisosi. Ndiyo maana bega linageuka kila upande kuliko kiungo kingine chochote. Misuli ndiyo inayolishika chungwa lisidondoke. Na hili kombe la bega, mfupa huu bapa wa mgongoni, halikupigiliwa popote, linateleza juu ya mbavu, likiufuata mkono unapopanda. Mkono mzima umeungana na kiwiliwili kwa mfupa huu mmoja tu, mtulinga, hapa chini ya koo. Kwako wewe, mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Utalegea, ila polepole."

Jemadari aligusa mtulinga wake. Macho yalimtoka. Miaka yote ameamrisha watu kwa mkono, kumbe mkono wenyewe umetundikwa kwa kamfupa kembamba namna hii, na hakuwahi hata siku moja kushukuru!

"Subhana," alinong'ona. "Nani alifikiria haya?"

Tangu hapo kila asubuhi alisimama ukutani, vidole vikitambaa juu taratibu, mkewe kamwekea kiganja mgongoni kulisikiliza lile kombe. Siku nyingine alilia kwa maumivu. Siku nyingine alama aliyoichora jana ukutani ilimshinda kuifikia, akanuna mpaka jioni. Miezi ikapita, haba na haba.

Siku moja, mazoezini, walifika kwenye kilele cha wimbo wa shangwe. Mkono ukapanda. Ukavuka kifua, ukavuka bega, nyuma kombe likateleza kama maji, ukasimama wima juu ya kichwa. Kwaya ilipasuka kwa sauti, madirisha yakatetemeka.

Jemadari akainua uso kuutazama mkono wake, akasahau dunia. Machozi yalimtiririka. Waimbaji nao, kwa utiifu wao, walishikilia sauti. Mishipa ikawatoka shingoni, mmoja wa besi akaanza kuyumba.

"Baba watoto!" mkewe akapiga kelele. "Ushushe, tunakata roho!"

"Hebu ngojeni," akasema, akicheka na kulia, mkono ungali juu. "Kidogo tu."

Nao wakavuta pumzi, wakaendelea kuimba.