Viwili Vikishikana

...na viwili vikishikana, dada, ndipo balaa linapoanza, anasema Daktari Josephat, naye Somoe anamtazama kwa chuki kana kwamba ni yeye aliyevishikanisha, mtu wa watu ambaye mtoto Abilahi alipopiga chafya aliinuka mwenyewe akageuza feni ielekee ukutani, hakuombwa na mtu, Mungu amlipe, lakini leo Somoe hataki wema wa yeyote, anataka wanyamaze wote, daktari, feni, na huyu mkwe aliyekaa kiti cha pili akinuka karafuu... juu ya kila seli ya mwili, anaendelea daktari, kuna vipokezi, chukulia ni masikio, kimoja peke yake kimetulia, kikishikana na mwenzake vinapeleka amri ndani, ongezeka, ongezeka, na kwenye huo uvimbe wa titi lako vimezidi, vimebanana, vinashikana hata bila kuitwa... bila kuitwa, kama Siwema, wifi yake Siwema ambaye haitwi popote na popote yupo, maana huyu mkwe, Bi Kijakazi, akiwa peke yake ni mtu, tena mtu hasa, alimkanda Somoe kwa maji ya moto arobaini nzima, akamnywesha uji wa pilipili manga, mpaka Siwema anaingia uani, anakaa mkekani bega kwa bega na mama yake, hapo ulimi unageuka, mama, anaanza Siwema, umeuona mchuzi wa mkweo, samaki anaogelea bado, na yule mama, yule yule wa maji ya moto, anajibu, mwanangu Hussen hakuoa, aliokota, wanacheka, kicheko kimoja midomo miwili, na Somoe jikoni anapuliza moto mpaka machozi yapate kisingizio, aliokota, neno hilo limekaa kifuani mwaka mzima, nani ajuaye, labda ndilo lililoota uvimbe... unanisikia, mama Abilahi, anauliza daktari, ipo dawa inayokwenda kukaa kwenye hivyo vipokezi, visishikane, amri isipite, utaanza Dar es Salaam pamoja na dripu nyingine, ni miezi, na kunyonyesha ndiyo basi... basi, anasema basi kama mtu anayefunga duka, na Abilahi mapajani amelala huku midomo inanyonya hewa, hajui, na Bi Kijakazi tayari amenyosha mikono, lete mume wangu, anasema, kisha anamwinamia mtoto, mume wangu, achana na huyo, maziwa yake yamechacha, njoo kwa mke mkubwa... yamechacha! mbele ya daktari! mwanamke gani huyu, moyo wake umetengenezwa kwa nini, na akimpa, nani atambeba mtoto mchana kama si Siwema, nani atamwambia mama yako kaenda kula mji, atarudi akute mtoto anamkimbia, bora asiende, bora amfunge mgongoni sasa hivi apande gari la kwao Nyangamara, titi lifanye litakalo, walau atakufa akiwa mama wa mtu... mke mkubwa, neno lenyewe si geni, analisikia tangu Abilahi azaliwe, mke mwenzangu umemlisha nini bwana wetu, na kila mara nyuma yake kilikuja kicheko cha Siwema, kikali, cha puani, neno likamchoma, lakini leo Siwema amebaki nyumbani Mitwero, kicheko hakikuja, neno limebaki hewani peke yake, na peke yake, mbona linafanana na la bibi yake kule Nyangamara, aliyewaita kaka zake Somoe waume zake, akawatukana wake zao kwa Kimwera asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyenuna, aliyenyamaziwa na bibi ndiye aliyelia, huu si ni utani, utani wa bibi na mjukuu, na sauti yake, pale kwenye yamechacha, si ilikatika, kama ya mtu aliyemeza mwiba huku akijifanya anacheka... haya yasimdanganye, aliokota ni aliokota, hajamsamehe wala hamsamehi, ila kama yule yule akishikana na Siwema anasema yale, akishikana na mimi je, atasema nini, mke mwenza ni adui, sawa, lakini ni adui wa nyumba moja, mna bwana mmoja, mkiamua, wifi gani ataingia katikati yenu, na kinywani mwa Somoe linapanda jambo ambalo hajawahi kumjibu mkwe wake tangu aolewe, chungu bado, la moto bado, haya mchukue, bi mkubwa, lakini usimwazime mtu, tena usijisahau, hii ni zamu yako tu, zamu yangu nikirudi... nikirudi, anajisikia akisema moyoni, wala hajafungua mdomo, mikono ya mkwe ingali imenyoshwa, mtoto angali mapajani pake, nikirudi.