Uzito wa Chungu

Kabla ya kupanda ngazi, Orest alichuma majani yaliyogeuka manjano na kuyasokomeza kwenye mfuko wa ovaroli. Mfuko ulikuwa umeanza kutuna. Akajifuta mikono, akavuta pumzi, ndipo akapanda kwenda kumwambia mkewe kwamba mimea yake haikuwa na neno.

Ilikuwa minne, kiasi ambacho sheria iliwaruhusu. Stefa ndiye aliyeiotesha, chini ya taa nyeupe katika chumba cha chini ya nyumba, tangu saratani ilipomwingia mifupani. Maua yake aliyapika ndani ya siagi, na kijiko kidogo cha siagi hiyo kilimpa usingizi ambao vidonge vilishindwa kumpa. Miguu ilipogoma kushuka ngazi, alimkabidhi mumewe bangi yake kwa maneno machache.

"Usiiue, mzee. Nataka niione ikichanua."

Orest alikuwa mkulima wa ngano wa nyanda kavu za Saskatchewan. Alikuwa amezeeka uso akitazama mawingu yakipita juu ya shamba lake bila kuangusha tone, na mtu wa namna hiyo akipewa bomba la maji hajui pa kukomea. Alimwagilia asubuhi. Jioni, akiona majani yamelegea, alimwagilia tena. Yalipogeuka manjano akasema yana njaa, maana ngano changa ya manjano ni ngano yenye njaa, akaongeza mbolea. Yakazidi kuanguka.

Huko juu alimlisha Stefa vivyo hivyo. Alimletea supu ya bitiruti, naye akameza vijiko viwili na kugeukia ukutani. Orest akaipasha moto, akairudisha.

"Bangi yangu haijambo?" Stefa aliuliza siku hiyo.

"Haijambo. Inanawiri."

"Lete mkono."

Alimpa. Stefa aliunusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Unanuka kinamasi. Orest, umepanda bangi au mpunga?"

"Kula kwanza, mama."

"Kaniletee mmoja. Na kile kikasha changu cha vitone vya kupimia maji."

Alikipandisha chungu kikidondosha maji kila ngazi, akakiweka juu ya kiti kando ya kitanda. Stefa aliutazama mmea, akaligusa tope la chunguni kwa kidole. Orest alingoja kufokewa, na kufokewa kusipokuja, aliingiza mkono mfukoni akayamwaga majani yote juu ya blanketi.

"Umenidanganya tangu lini?"

"Tangu theluji ya kwanza."

"Basi tumelingana. Na mimi supu yako nimeisifu tangu theluji ya kwanza."

Alimwagiza jagi la maji ya kisimani, akayatia kidogo kwenye kichupa na kudondoshea kitone. Yakawa ya buluu.

"Unaona? Maji yetu yana chokaa. Yale magamba meupe ya birika ulidhani ni mapambo? Huyu anataka maji yenye uchachu kidogo. Kile kipimo cha pH kisome sita, sita na nusu; kikipanda, uchachu umepungua. Yetu yanapita nane. Ukimpa haya kila siku, mizizi inafunga mdomo. Mbolea yako yote imo humu, ila hawezi kuila."

Alitoa kikashani dawa ya kuchachusha, akaitia kwenye jagi, tone kwa tone, akapima tena, mpaka kichupa kikawa na rangi ya limau lisiloiva vizuri.

"Na kumwagilia?"

"Mpe mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, umwage ya kwenye kisahani, kisha umwache. Chomeka kidole. Kikitoka na udongo, bado. Halafu mnyanyue. Akiwa mwepesi, ndipo umpe."

"Mwepesi kiasi gani?"

"Mikono yako itajua."

"Na akilegea?"

"Kaa naye. Lakini kopo la maji liache chini."

Kwa Orest hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Kila asubuhi alinyanyua vyungu, akakuta bado ni vizito, akavirudisha na kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono ikimwasha kwa kukosa la kufanya. Mmea mmoja ulikufa. Alipanda akamwambia hivyo hivyo.

"Yupi?"

"Wa pembeni."

"Yule alikuwa mkaidi," Stefa alisema, akafumba macho.

Ile mitatu ikatoa majani mapya, mabichi hadi kwenye ncha.

Asubuhi moja alipanda na bakuli. Stefa alitikisa kichwa. Orest aliliweka dirishani, akapitisha mikono chini ya mabega na magoti ya mkewe, akamnyanyua ili amweke kitini, abadilishe shuka. Alisimama naye hivyo muda mrefu kuliko shuka ilivyohitaji. Nje, mashamba yalikuwa meupe hadi upeo wa macho.

"Unanipima?" Stefa aliuliza, mdomo ukiwa shingoni mwake.

"Ndiyo."

Stefa hakuuliza amekuwa mwepesi kiasi gani. Orest alimweka kitini, akatandika, akamlaza tena, akamfunika, akakaa. Kijiko hakukigusa.

"Na wa chini, je?"

"Wawili wametoa vinyweleo vyeupe. Wanaanza kuchanua."

"Kweli?"

Aliuvuta mfuko wa ovaroli nje, akaugeuza ndani nje. Ulikuwa mtupu. Stefa alicheka kidogo, pumzi tu.

"Basi nipandishie mmoja."

Alishuka. Chungu kilikuwa chepesi, lakini maji yangeweza kungoja. Alikipandisha polepole, akakiweka juu ya kiti mahali ambapo jicho la mkewe lingekifikia bila kugeuza kichwa, kisha akaketi katikati yao. Supu ikapoa dirishani. Kopo la maji lilibaki chini, kando ya ndoo, nalo lilikuwa limejaa.