Masikio ya Marselino

Nilikuwa nimechoka hata kuitikia hodi, lakini mgeni aliendelea kubisha. Nje ya nyumba yangu ya ualimu, pale Mhunze, alisimama mwanamume mwenye vumbi hadi kwenye kope, amplifaya ya gitaa imefungwa nyuma ya baiskeli yake. Kando yake dada mmoja alikuwa akikohoa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Mimi Marselino, huyu dada yangu Zipora, mwimbaji wetu. Nasikia unatengeneza redio."

"Za majirani tu."

"Basi hii ni redio iliyoshiba. Iongezee nguvu."

Jumapili bendi yake ingepambana na bendi ya Shinyanga mjini, kwa desturi ya ngoma za Kisukuma baada ya mavuno: pande mbili hupiga kwa wakati mmoja, na mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi. Mshindi angepewa ukumbi wa kupigia mwaka mzima. Bila ukumbi, bendi ya Marselino ingevunjika.

"Wao wana wati mia, mimi hamsini. Mimi ni nusu mtu!"

"Hapana, kaka. Ukizidisha nguvu mara mbili, sikio husikia nyongeza ndogo tu."

Nilifungua kasha. Kati ya spika zake mbili, waya za moja zilikuwa zimefungwa kinyume. Moja iliposukuma hewa, mwenzake iliivuta, na besi, ile sauti nzito, ikafia katikati. Nilizigeuza. Gitaa likajaa chumba kizima. Marselino akacheka, kisha akazungusha nobu ya sauti nyembamba hadi mwisho.

Zipora aliziba masikio. "Unatupasua vichwa!"

"Mbona kwangu tamu?"

Nilipomuuliza kazi yake, Marselino alisema alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe mgodini. Nilimweleza taratibu kwamba masikio yake yalikuwa yamepoteza sauti nyembamba. Anachojiongezea yeye, kwa wengine ni kisu.

"Na mimi kila siku naimba juu ya hicho kisu," Zipora alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Koo limekwisha, Marselino." Akairudisha nobu mwenyewe. "Niahidi hutaigusa."

"Sitalisikia gitaa langu vizuri."

"Nitakusikia mimi."

"Haya. Siigusi."

Jumapili bendi ya mjini ilinguruma, na watu wakakimbilia kwao. "Ongeza, Marselino!" wenzake walifoka. Hata mimi, na digrii yangu, nilitamani aongeze. Mkono wake uliacha nyuzi, ukaenda kwenye amplifaya, ukasita hewani. Alimtazama Zipora. Kisha akarudi kupiga, akikodolea macho vidole vyake kama mtu anayesoma gizani.

Zipora aliimba bila mishipa kumtoka shingoni. Waliobaki walisogea karibu wasikie maneno. Walikuwa wachache. Mwamuzi aliponyoosha fimbo yake kuipa ushindi bendi ya mjini, nobu ilikuwa palepale Zipora alipoiacha.