Faulo ya Saba ya Cordell Pruitt

Swali lenyewe lilikuwa la kitoto, na Verlene Tibbs alikuwa nalo tangu utotoni: kwa nini sita? Mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu akifanya faulo tano anaendelea kucheza. Akifanya ya sita anatoka, harudi tena. Nani alikaa akahesabu, akaona sita ndiyo inatosha? Siku moja alimuuliza baba yake, aliyefanya kazi kwenye tanuru la chuma pale mjini Gary miaka thelathini, naye akamjibu, "Mwanangu, kula bisi zako." Verlene akala bisi, lakini swali halikushuka nazo.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kwa misimu ishirini na miwili alikuwa karani wa meza wa timu ya Gary katika Ligi ya Maziwa, ligi ya kulipwa ya daraja la chini ya miji iliyo kando ya maziwa makubwa. Yeye ndiye aliyeandika kila kikapu na kila faulo kitabuni, akabonyeza king'ora, akainua kibao chenye namba ya faulo ili ukumbi mzima uone. Wachezaji walimwita Bi Verlene, hata wale waliokuwa na midomo michafu kwa kila mtu mwingine.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imeganda barabarani, barua ya ligi ikafika. Wakubwa walitaka kujaribu kitu kwa michezo mitatu. Mchezaji mwenye faulo sita hatatolewa tena. Ila kuanzia ya saba, kila akifanya faulo, wapinzani watapewa mitupo miwili ya bure, na juu yake mpira utabaki kuwa wao. Mwishoni kila karani wa meza atakuja kwenye kikao aseme alichokiona.

Verlene aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama, kisha akateremka kwenye ghala la chini la nyumba yake akaleta vitabu vya msimu uliopita. Alitaka kujua jambo moja tu: sheria ilikuwa imemnyang'anya Cordell Pruitt dakika ngapi?

Hakuna mtu aliyefaa zaidi kwa swali hilo. Cordell, mchezaji wa Gary, alikuwa jitu la miaka thelathini na minane, mabega kama mlango wa ghala, na hakuna aliyetolewa kwa faulo mara nyingi kumzidi katika ligi nzima. Watu wa Gary walilizoea jambo hilo hadi wakalifanya sherehe. Ikifika ya sita, wanawake wa safu za mbele walitoa leso wakapunga, na ukumbi mzima ukaimba kumuaga. Naye Cordell aliinamisha kichwa mara moja, kama mgeni rasmi, akaenda kuketi.

Verlene alihesabu jioni mbili mfululizo. Faulo ya sita ilikuwa imemkosesha Cordell dakika arobaini na moja kwa msimu mzima. Lakini kulikuwa na dakika nyingine, mia mbili na kumi na mbili, ambazo kocha alimkalisha benchi akiwa na faulo tatu au nne, asije akafikisha sita. Verlene akapiga mstari chini ya hesabu ile. Kumbe refa hakuwa ndiye anayemtoa mtu huyu. Aliyekuwa akimtoa ni woga wa kutolewa.

Siku ya mchezo alimwonyesha Cordell karatasi wakati wachezaji wanapasha misuli.

"Mia mbili na kumi na mbili," Cordell alisema polepole. "Bi Verlene, wewe huna mume wa kumpikia?"

"Nilikuwa naye. Alikuwa hanivutii kama hesabu hizi."

Cordell akacheka, lakini hakusema kama amefurahi. Pembeni yake alisimama Emmitt Zaleski, mchezaji wa akiba wa nafasi yake, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye shingo ndefu. Alichungulia karatasi juu ya bega la Cordell.

"Hizo dakika zote ni zangu," Zaleski alisema. "Mimi nakula kwa faulo zako, jitu. Wakiifuta sheria hii, mimi nitakuwa mtu wa kubeba chupa za maji."

"Kufa kufaana," Cordell alimjibu. "Ila mimi bado sijafa, bwana mdogo."

Verlene alirudi mezani akiwa na jambo jipya la kufikiria. Katika hesabu zake zote hakuwa ameandika jina la Zaleski hata mara moja.

Mchezo ulianza saa nane mchana, wageni wakiwa watu wa Toledo. Kocha wa Gary, Lavelle Munday, alimwacha Cordell uwanjani na faulo tatu, akamwacha na nne, akamwacha na tano, akitembea huku na huku kando ya mstari kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Robo ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika saba, Cordell alimpiga mtu wa Toledo kiwiko akigombea mpira. Filimbi. Verlene akabonyeza king'ora, akainua kibao cha sita.

Mazoea yana taabu. Leso zikatoka, wimbo ukaanza. Cordell akainamisha kichwa akashika njia ya benchi, na Zaleski alikuwa ameshavua koti lake la kupashia joto. Walikutana mstarini.

"Jitu, unakwenda wapi?" refa aliita. "Rudi kazini."

Ukumbi ukaangua kicheko. Cordell alisimama akitazama meza, kama anayemwomba Verlene uthibitisho, naye akamwashiria kwa kidole: rudi. Zaleski akavaa koti lake upya, akafunga zipu hadi kidevuni.

Dakika mbili zilizofuata, Verlene alisahau kunywa kahawa yake. Cordell alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alizuia mitupo miwili, akadaka kila mpira uliogonga chuma cha kikapu, na Gary waliokuwa nyuma kwa pointi tano wakawa mbele kwa mbili. Verlene akajiambia, basi hiki ndicho tulichokuwa tukinyimwa siku zote.

Kisha kocha wa Toledo akaomba mapumziko, akawaambia vijana wake maneno machache tu. Waliporudi, kila aliyepata mpira alimwendea Cordell moja kwa moja, mbio, kifua kwa kifua. Faulo ya saba ikaja mara moja.

Verlene aliingiza mkono ndani ya sanduku la vibao, ukatoka mtupu. Vibao viliishia sita. Hakuna aliyewahi kutengeneza cha saba. Akainua cha sita mkono mmoja, na cha moja mkono mwingine. Toledo wakatupa miwili, wakabaki na mpira, wakamwendea tena. Ya nane. Cordell hakuwa akipiga watu, alikuwa akichelewa. Mguu ulifika nusu hatua nyuma ya pale alipoutaka, na filimbi ikalia. Toledo wakatupa tena miwili, wakaongeza na kikapu, wakawa mbele kwa pointi nne.

"Vipi, jitu?" Munday alimuuliza kutoka kando.

"Niache."

Munday akamwacha. Zamani sheria ingemfanyia kocha kazi hiyo. Sasa ilimpasa aifanye kwa mdomo wake, na mdomo haukufunguka. Ikaja ya tisa. Verlene aliinua vibao vyake viwili na kuona safu za mbele wakizikunjakunja leso mapajani, wasijue la kufanya nazo.

Zikiwa zimebaki dakika mbili na kitu, Cordell mwenyewe alinyoosha mkono kuelekea benchi, akamwonyesha Zaleski. Akatoka akitembea polepole. Hakukuwa na wimbo wala leso, maana hakuna aliyejua kama huku ni kutolewa au ni nini. Zaleski aliingia, akadaka mipira miwili, akafunga kikapu kimoja kwa shida. Gary wakafungwa kwa pointi tatu.

Baada ya mchezo Verlene alimkuta Cordell ameketi kwenye benchi la ushoroba, mifuko ya barafu imefungwa magotini.

"Nina swali," alisema.

"Wewe huna kingine."

"Kwa nini ulitoka?"

Cordell aliisogeza barafu. Alisubiri wafagiaji wawili wapite na mifagio yao.

"Magoti haya yalikwisha kabla ya ya sita," alisema. "Miaka mitatu sasa ndivyo yalivyo. Robo ya nne ikifika najua dakika chache tu zimebaki, filimbi italia, watu wataimba, nitakwenda kukaa. Nani atasema Cordell amechoka? Watasema refa kamwonea. Leo nimesubiri king'ora chako kinitoe, Bi Verlene. Kikalia, wakaniambia nirudi."

Verlene akaikumbuka karatasi yake. Zile dakika mia mbili na kumi na mbili alizozihesabu kama wizi, huenda nyingine zilikuwa zawadi.

"Naweza kuyasema haya kikaoni?"

"Ya magoti, hapana. Mengine sema."

Michezo miwili iliyobaki ilimchanganya zaidi. Katika mmoja, mchezaji wa timu ngeni alifanya ya sita mapema, akabaki, akacheza vizuri hadi mwisho bila kugusa mtu, na ukumbi ulifurahi. Katika mwingine hakuna aliyefika hata tano.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi, katika ofisi ya ligi. Mwenyekiti, Bwana Hutchins, alikuwa na fomu yenye visanduku viwili: sheria ya faulo sita ibaki, au ifutwe. Makarani wengine waliweka alama zao haraka. Verlene alieleza juu ya dakika za benchi, akaeleza jinsi Toledo walivyomwinda mtu mmoja, akaeleza juu ya makocha wasiojua kumwambia mchezaji mkongwe atoke, na juu ya wachezaji wa akiba ambao hakuna aliyewahesabu. Fomu yake ilibaki tupu.

"Kwa hiyo unasemaje, mama?" Hutchins aliuliza. "Sita au si sita?"

"Sijui. Nipeni michezo kumi zaidi."

"Miaka ishirini na miwili mezani, bado hujui?"

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa najua."

Walinong'onezana, wakabishana kidogo, wakampa minane.

Jumapili iliyofuata alifika ukumbini mapema na vibao vipya alivyovipaka rangi mwenyewe, kuanzia saba hadi kumi na mbili. Zaleski alikuja mezani huku akidundadunda mpira.

"Bi Verlene, kile kitabu chako. Siku hizi unaandika na dakika zangu?"

"Tangu leo," alisema, akamwonyesha mstari mpya wenye jina lake.

Zaleski aliinama kuusoma, akamrekebishia herufi moja ya jina, akaenda kupasha misuli.